Boksi la kadi za sayansi: linunue, ila kaa na watoto mnapocheza

Alama yangu ni nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoikata imekwenda zaidi kwenye kadi za hali ya hewa, na nitazieleza kwa kirefu maana zimeniudhi.

Boksi lina kadi 200 za maswali ya sayansi kwa Kiswahili, hamsini kwa kila rangi: njano ni kemia, bluu ni anga na nyota, kijani ni hali ya hewa, nyekundu ni mwili wa binadamu. Mbele pana swali, nyuma pana jibu, na chini ya jibu pana mistari miwili mitatu yenye kichwa "Kwa nini?". Baadhi zina alama ya mkono, maana yake jaribu mwenyewe nyumbani. Ndani mna pia kadi kumi tupu za kuandikia maswali yenu. Nimelinunua stesheneri moja hapa Tanga kwa shilingi 18,000. Karatasi ni ngumu, kadi zinateleza vizuri ukizichanganya, na hata zilipomwagikiwa chai ya tangawizi wino haukutoka. Boksi lenyewe ndilo dhaifu. Pembe zimechanika mapema, na sasa kadi zetu zinakaa kwenye kopo la maziwa ya unga.

Niseme na mimi ni nani, ili ujue nazisoma kwa jicho gani. Ni fundi sanifu wa maabara katika shule ya sekondari. Mwalimu akiingia kipindi cha vitendo anakuta chupa zimepangwa, vimiminika vimepimwa na majiko ya spiriti yamejazwa. Akitoka, mimi ndiye ninayeosha. Kazi hiyo imenionyesha mara nyingi mwanafunzi mwenye jibu asiye na sababu. Anakwambia bila kusita kwamba asidi hugeuza litimasi ya bluu kuwa nyekundu, lakini ukimpa ndimu mkononi hajui kuwa ameshika asidi. Kwa hiyo huo mstari wa "Kwa nini?" ndio ulionifanya nitoe hela. Maswali na majibu ya sayansi yamejaa kila mahali. Yenye sababu chini yake ni machache, na yenye sababu unayoweza kuijaribu kwa vitu vya jikoni ni machache zaidi.

Tunacheza barazani baada ya Magharibi: mwanangu wa darasa la tano, binti wa dada yangu aliye kidato cha pili, watoto wa jirani, na baba mkwe wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Babu. Babu alikuwa mvuvi wa Sahare tangu ujanani. Hashiki kadi, anasikiliza tu, na likitajwa jambo la bahari ambalo halimwingii akilini husema papo hapo.

Nianze na kemia. Kadi ya kwanza iliyotukalisha chini ilikuwa hii: kwa nini doa la binzari kwenye nguo nyeupe hugeuka jekundu ukilipaka sabuni? Kila aliyewahi kufua shati la shule lililomwagikiwa mchuzi wa samaki anaijua hofu hiyo. Doa lilikuwa la njano, unalisugua kwa sabuni ya mche, linakuwa jekundu kama limekomaa, na mtu anadhani ameliharibu shati moja kwa moja. Nyuma ya kadi imeandikwa kwamba rangi ya binzari ni kiashiria. Penye asidi hubaki njano, penye besi hugeuka nyekundu, na sabuni ni besi. Kadi ina alama ya mkono, basi tukajaribu. Nilikata kipande cha shuka kuukuu, nikakipaka binzari iliyokorogwa kwa maji, nikakiacha kikauke. Binti akapitisha sabuni yenye maji kona moja, ikageuka nyekundu ya hudhurungi hapo hapo. Akakamulia ndimu juu yake, njano ikarudi. Kona ya pili tukaitonea maji ya magadi, ikawa nyekundu tena.

"Mama mdogo, kumbe doa haliongezeki, linabadilika rangi tu?"

Ndivyo. Na kwa wafuaji niongeze ambalo kadi haikulisema: rangi hiyo haivumilii jua. Suuza sabuni yote, anika nguo juani badala ya kivulini, rudia, nayo itafifia yenyewe. Kipande kile cha shuka nilikipeleka shuleni. Karatasi za litimasi huagizwa, na zikiisha katikati ya muhula vipindi vya asidi na besi vinabaki vya kusoma ubaoni. Binzari ya shilingi mia inatosha darasa zima.

Kadi ninayoithamini kuliko zote 200 ni ya mkaa. Swali: kwa nini jiko la mkaa halilazwi ndani ya chumba kilichofungwa? Jibu limeandikwa vizuri ajabu. Mkaa ukiungua penye hewa chache hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na gesi hiyo huishika hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika. Damu inaendelea kuzunguka lakini haibebi tena kile mwili unachokihitaji. Kisha kadi inasema neno ambalo watu wengi hawajaambiwa: usingoje moshi. Mkaa ulioshika vizuri, mwekundu, usiotoa moshi hata kidogo, ndio watu wanaouingiza chumbani wakiamini sasa ni salama, na gesi inaendelea kutoka. Hapa Tanga mjini usiku ni joto, lakini tuna ndugu Lushoto, na Julai kule baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Kadi haikusema la kufanya mtu akizidiwa, kwa hiyo nimeongeza kwa kalamu: kichwa kikiuma, kizunguzungu na kichefuchefu vikiwapata watu wa chumba kimoja kwa pamoja, fungueni milango, tokeni nje wote, jiko litolewe, na mgonjwa apelekwe hospitali hata kama anasema ameshapata nafuu.

Kadi za alama za elementi, kama vile Au ni dhahabu na Na ni sodiamu, ni za kukariri tu. Hazina "Kwa nini?" hata moja. Sisi tunaziruka.

Kadi inayosema maji huchemka kwa nyuzi 100 nayo imeishia njiani. Ni kweli hapa kwetu, usawa wa bahari. Kiwango hicho hushuka takriban nyuzi moja kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa inayoyakandamiza maji inapungua. Lushoto, kwenye mita kama 1,400, maji yanachemka karibu na nyuzi 95, na huwezi kuyapandisha zaidi ya hapo kwa kuongeza kuni. Ndiyo maana maharage kule yanakaa jikoni muda mrefu kuliko huku, ni yale yale na sufuria ni ile ile. Nilipowaeleza watoto hivyo walitaka tupande basi na kipimajoto siku hiyo hiyo.

Na kwa kuwa nimetaja Lushoto, kuna jambo lililokosekana. Mwaka 1963, katika shule ya Magamba, huko huko Lushoto, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba aliingiza mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friza ukiwa bado wa moto, akakuta umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Aliuliza, akaambiwa haiwezekani. Hakuacha kuuliza. Baadaye alipokuwa akisoma shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, ambaye alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu jambo hilo, wengine wamelipima wasilione kabisa. Boksi la sayansi kwa Kiswahili lina nafasi ya tufaa la Newton, na mtoto wa Tanga asisikie habari za Mpemba? Kadi tupu ya kwanza tumeiandika yeye.

Anga na nyota ni rangi yenye kadi nzuri mno na kadi mbaya mno. Nzuri: basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa, usiku na mchana bila kusimama, lingefika mwezini baada ya siku ngapi? Umbali ni kilomita 384,400, jibu ni siku 200. Binti akashika kalamu akaendelea mwenyewe hadi kwenye jua, kilomita milioni 150, akapata zaidi ya miaka 210, na mwanga unatumia dakika nane na kidogo. Hapo ukubwa wa anga unamwingia mtoto vizuri kuliko ukimtajia sifuri nyingi.

Nzuri zaidi ni kadi ya maji kujaa na kupwa, na aliyeiandika bila shaka amekulia Pwani, maana ametumia bamvua na maji mafu bila kuhangaika. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, Mwezi, Dunia na Jua hukaa karibu mstari mmoja, mivuto miwili inajumlishana, ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mivuto inapishana kwa pembe mraba, maji hayapandi sana wala hayashuki sana, ndiyo maji mafu. Nilipomaliza kusoma Babu akauliza, "Na saa je?" Saa gani, Babu? "Bamvua la huku maji hujaa saa kumi, alasiri na alfajiri. Saa nne asubuhi yamepwa, unatembea mwambani. Kesho yake yanachelewa karibu saa nzima. Hilo halikuandikwa?"

Halikuandikwa, na sababu yake ni nzuri kuliko nusu ya kadi zilizomo. Dunia inapojizungusha mara moja, Mwezi nao unakuwa umesogea mbele kidogo kwenye njia yake, kwa hiyo inachukua takriban saa 24 na dakika 50 kuurudisha pale pale juu yetu. Dakika hizo 50 ndizo "karibu saa nzima" ya Babu. Huhitaji kutafuta mfano mwingine wa mtu aliyepima anga maisha yake yote bila kipimo chochote cha dukani.

Sasa mbaya. Kadi inauliza ni nyota gani msafiri aitazame usiku ili ajue Kaskazini, na jibu ni Nyota ya Kaskazini. Kwa mtu wa Cairo au London, sawa. Sisi tuko nyuzi tano kusini mwa Ikweta. Nyota hiyo kwetu haichomozi kabisa, iko chini ya upeo wa macho mwaka mzima. Mwanangu aliisaka angani mpaka shingo ikamuuma. Tulichonacho ni Msalaba wa Kusini. Toka nje mwezi Mei, saa tatu usiku, tazama kusini, utauona umesimama. Fuata mti wake mrefu kwenda chini, mara nne na nusu ya urefu wake, hapo ndipo kusini penyewe. Vilevile picha ya mwezi mwandamo imechorwa ukisimama wima. Mwezi mwandamo wetu, huu tunaoutafuta baada ya kutua kwa jua kabla ya Ramadhani, umelala, pembe zote mbili zikitazama juu. Hakuna mtoto wa hapa asiyeujua, na mtoto akiona kadi inapingana na anga lake anaanza kuwaza kwamba huenda macho yake ndiyo yenye makosa. Hilo ndilo linaloniuma.

Kuna na kadi zilizopitwa na wakati. Sayari tisa? Pluto iliondolewa kwenye hesabu mwaka 2006 na Umoja wa Kimataifa wa Elimu ya Anga, zimebaki nane. Sayari yenye miezi mingi imeandikwa Mshtarii, na siku hizi ni Zohali, ambayo mwaka 2025 ilitambuliwa miezi mingine 128 ikafika 274. Makosa ya namna hii nayasamehe, namba za miezi hubadilika. Kadi ingeandikwa mwaka wa kuchapishwa, basi.

Nije kwenye hali ya hewa.

Kadi ya nne ya kijani inauliza mwezi wenye joto kali, na jibu ni Julai. Julai! Babu, ambaye amekabiliana na kusi baharini miaka yote hiyo, Julai anavaa sweta alfajiri akienda msikitini. Sababu iliyoandikwa nyuma ni sahihi kwa nusu ya juu ya dunia: mhimili umeinama nyuzi 23.5, na Juni hadi Agosti upande wa Kaskazini ndio unaoelekea Jua. Aliyeandika kadi amechukua majira ya watu wengine akayaleta mlangoni kwetu bila kuyageuza. Joto letu ni la kaskazi, Januari hadi Machi. Na kuna jambo tamu angeweza kulitumia: Dunia hukaribia Jua zaidi kuliko wakati wowote mwanzoni mwa Januari, na kuwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai. Watu wa Ulaya wanatetemeka kwa baridi Dunia ikiwa karibu na Jua. Hapo mtoto anaona mwenyewe kwamba umbali sio unaoleta majira.

Nyingine inasema saa sita mchana jua huwa utosini. Tuliipima. Mwanangu alisimamisha ufito uani, akawa anaweka kokoto kwenye ncha ya kivuli kila mchana. Hapa Tanga jua hupita utosini mara mbili tu kwa mwaka, wiki ya kwanza ya Machi na wiki ya kwanza ya Oktoba. Siku hizo ufito unakosa kivuli kabisa, karibu na kuingia kwa Adhuhuri, si saa sita kamili. Kati ya Oktoba na Machi kivuli cha mchana huangukia kaskazini, miezi mingine huangukia kusini. Kokoto zake zinasogea kutoka upande mmoja wa ufito kwenda wa pili, na anayezipita uani bila kuziruka anasikia kelele zake.

Na sasa ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Katika kadi hamsini za hali ya hewa, zaidi ya tano ni za theluji, na hakuna hata moja inayouliza kwa nini sisi tuna mvua mara mbili. Hilo ndilo swali kubwa la hali ya hewa kwa mkulima na mvuvi wa ukanda huu, na jibu lake lilikuwa uani, kwenye zile kokoto. Jua likiwa juu yetu, ardhi na bahari hupata joto zaidi, hewa hupanda, na upepo wa kaskazi na wa kusi hukutana kwenye ukanda huo wa hewa inayopanda. Hewa yenye mvuke ikipanda hupoa, mvuke hugeuka mawingu, mvua inashuka. Ukanda huo hulifuata jua kwa kuchelewa kidogo. Unatupita ukienda kaskazini, tunapata masika. Unatupita tena ukirudi kusini, tunapata vuli. Jua utosini Machi, jua utosini Oktoba, na mvua nyuma yake. Kadi moja tu ya namna hiyo ingetosha kunifanya nisahau theluji yote.

Halafu kuna kadi ya maji ya sinki, ile inayodai yanazunguka upande mmoja kaskazini mwa Ikweta na upande wa pili kusini. Si kweli. Watalii wanaonyeshwa hivyo kwa beseni pale Nanyuki, lakini kinachoamua ni namna maji yalivyomiminwa na umbo la beseni. Nguvu ya mzunguko wa Dunia ni ndogo mno kwa chombo cha ukubwa huo. Nguvu hiyo inaonekana kwenye kitu kikubwa kama kimbunga, ambacho huku kusini huzunguka kufuata mshale wa saa. Na kwa kuwa hudhoofika kadiri unavyoikaribia Ikweta, vimbunga ni adimu kwetu. Adimu, si kwamba havipo, kama kadi inayofuata inavyodai kuhusu mwambao wetu. Unguja ilipigwa Aprili 1872, minazi na mikarafuu ikalala chini na meli za Sultani Barghash zikazama. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Kumwambia mtoto wa Pwani kwamba kimbunga hakiji ni kumfundisha asisikilize tahadhari.

Nisiwaonee, kijani ina mbili nzuri. Moja ni ya radi: ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka ngurumo, gawa kwa tatu, ndiyo kilomita. Mwanga unafika papo hapo, sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde. Watoto walioogopa radi sasa wanaihesabu, lakini wakiwa ndani. Ya pili inauliza kwa nini kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, kina baridi ilhali kiko karibu zaidi na jua, na jibu lake halina dosari: hewa hupashwa joto na ardhi kutoka chini, na ikipanda hutanuka na kupoa, kama nyuzi sita kwa kila kilomita.

Mwili wa binadamu ndiyo rangi iliyoandikwa kwa umakini kuliko zote, na sina mengi ya kulalamika. Mifupa 206 ya mtu mzima, na mtoto mchanga huzaliwa na vipande vingi zaidi ambavyo huungana akikua. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi. Moyo hupiga kama mara laki moja kwa siku, na kadi inakutaka ujipime mapigo kwanza, uruke kamba, ujipime tena. Ya ugali inasema utafune tonge tupu bila mboga, usimeze, uendelee kutafuna. Baada ya muda ugali unaanza kuwa mtamu, kwa sababu mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari. Watoto wote walitafuna barazani kimya, wakitazamana, kila mmoja akingoja wa kwanza kusema. Mdogo kuliko wote ndiye aliyeinua mkono.

Nimesimama kwa muda kwenye kadi ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na ningependa kila kijana anayefikiria ndoa aisome. Inaeleza kwamba mtu mwenye jeni moja tu ya ugonjwa huo, AS, kwa kawaida ni mzima na huenda asijijue, lakini wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne kuzaa mtoto mwenye SS, yaani mgonjwa. Inasisitiza kila mimba, si kwamba wa kwanza akiumwa basi watatu wanaofuata wamesalimika. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea hesabu, na nimesikia kina mama wakiambiwa "zamu imeshapita". Nyuma ya kadi pana na sababu ya ugonjwa huo kuwa mwingi kwetu: jeni moja humkinga mtoto na malaria kali, jambo alilolionyesha Anthony Allison mwaka 1954 kwa utafiti wa huku Afrika Mashariki. Kipimo chake ni tone la damu. Binti alisoma kadi hiyo mara mbili kisha akaniuliza kama yeye ameshapimwa, na wiki ile ile tukaenda.

Kadi mbili za nyekundu zina kasoro. Ramani ya ulimi, utamu mbele na uchungu nyuma, ni hadithi ya zamani; weka chembe ya chumvi mahali popote ulimini utaisikia. Na damu isiyo na oksijeni haiwi ya bluu, huwa nyekundu iliyokolea. Ngozi na namna mwanga unavyopenya ndiyo inayofanya mishipa ionekane ya bluu.

Kadi tupu tumezijaza. Mbali na Mpemba na mvua mbili, tumeandika kimondo cha Mbozi, tani kama 16 za chuma chenye nikeli kutoka angani, kimelala pale Songwe na unaweza kukigusa. Tumeandika pia setilaiti iitwayo Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kupima eksirei za angani, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, siku ya uhuru wa Kenya.

Kwa umri, darasa la nne kwenda juu, na mtu mzima mmoja awepo. Mtoto akicheza peke yake atakariri nyuma ya kadi na kuhesabu pointi, na yale ya Julai atayameza vilevile. Nimewaandikia wachapishaji kwa anwani iliyo chini ya boksi, nikawapa orodha ya kadi na sahihisho la kila moja. Kabla hawajachapa upya, ukilinunua leo toa mapema kadi ya mwezi wa joto, ya vimbunga, ya sinki, ya Nyota ya Kaskazini na ya ramani ya ulimi. Ya sayari tisa iache, ila uandike nane kwa kalamu ya wino mbele ya watoto na uwaambie mwaka.